Ushauri: kuelea na watoto mto Ichetucknee, Florida, na mama mkwe anaogopa mamba

MamaZuu: Habari za jioni ndugu zangu. Tunaishi Jacksonville. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Utete, Rufiji. Wanangu (miaka 6 na 10) wameng'ang'ania twende Ichetucknee kuelea kwenye maboya. Anayejua kuogelea ni baba yao tu. Mama aliposikia neno mto aliuliza moja: "Mamba je?" Kwao mto umechukua watu anaowajua kwa majina, siwezi kumwambia anaogopa bure. Naombeni ushauri, twende naye au tuache kabisa?

Mndengereko wa Mbali: Mpe mama shikamoo yangu. Usimwambie hakuna, maana aligata, jamaa wa mamba, wapo Florida nzima. Mweleze tu kwamba huyu si mamba wetu wa Rufiji, kwa kawaida humkwepa mtu. Kumlisha ni kosa kisheria, kwani akizoea chakula cha watu hawaogopi tena. Halafu Rufiji maji ni tope, huoni hata kiganja chako. Pale unaona mchanga wa chini na samaki wakipita. Mwenyewe nilitulia nilipoyaona.

Binti Pangani: Dada, msianzie juu ya mto. Ingieni lango la kusini la hifadhi, muanzie kituo cha Dampier's Landing, ndicho kipande kifupi. Hofu yangu mimi si aligata, ni baridi. Maji yanabubujika kutoka kwenye miamba ya chokaa chini ya ardhi, nyuzi 22 za Selsiasi mwaka mzima. Kwenye jua la Julai unayafurahia, ila mtoto wa miaka 6 akikaa sana anatetemeka hadi midomo inabadilika. Bebeni mataulo mengi. Na jaketi okozi linalomkaa sawasawa, si vile vipira vya kupuliza vya mikononi. Baba aelee karibu na huyo mdogo muda wote, asimwachie kaka yake.

Babu Chemchemi: Naongeza: miguu juu! Yale majani marefu ya chini ya maji yakikanyagwa yanang'oka, na ndiyo makao na chakula cha viumbe vya mto. Kuna konokono mdogo anayeishi Coffee Spring, chemchemi moja ya hapo, na hapatikani kwingine duniani. Jimbo lilinunua eneo hilo 1970, nasi tuwarithishe watoto lilivyo. Chakula, pombe, sigara na vitu vya kutupa haviruhusiwi mtoni. Maandazi mtakula mkishatoka.

MamaZuu: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Aliuliza tena kama kweli chini kunaonekana, nikamwonyesha picha, akaitazama muda mrefu. Tunakwenda Jumamosi, Dampier's Landing. Yeye hataingia majini. Anataka akae pale tutakapotokea, awahesabu wajukuu wakipanda nchi kavu.