Anayemnasihi mtoto ndiye huyo huyo amwandikie hakimu?

Wadau, naomba tulijadili hili. Mtoto wa miaka 14 kakamatwa Newala msimu wa korosho, gunia la korosho za watu limekutwa uvunguni kwao. Analetwa mahabusu ya watoto hapa Mtwara kusubiri kesi. Afisa ustawi wa jamii anatakiwa amnasihi, kisha huyo huyo aiandikie mahakama taarifa ya maisha yake. Kofia mbili, kichwa kimoja. Mimi nasema haifai.

Nimewahi kujitolea kunasihi vijana wa namna hii. Mmoja wiki tatu nzima jibu lake lilikuwa "sijui". Kila nikiandika, macho yake yanafuata kalamu. Siku wino ulipoisha tukachimba mashimo ya bao chini ya mwembe, kete zetu komwe. Kanifunga mara mbili. La tatu, kete bado mkononi, akaanza habari za baba wa kambo bila kuulizwa. Daftari sikulirudia.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alishaeleza mwaka 1979 kwamba unasihi unasimama kwa mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi ya kufanya, na kuaminiana. Mtoto huyu lengo hakulichagua, kaletwa na polisi. Imebaki imani tu, nayo tunaipeleka mahakamani!

MDAU WA MASASI: Kaka, unaongea kana kwamba maafisa wamejaa. Huku kwetu ni huyo mmoja: migogoro ya ndoa yeye, wazee yeye, watoto yeye. Kofia ya pili avae nani? Halafu taarifa hiyo ndiyo inayomwokoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufungwa jela. Sasa hakimu atajuaje kama bibi yake anaweza kumpokea?

MAMA SHANGANI: Na sisi tulioibiwa? Korosho zile zilikuwa ada ya mwanangu. Sitaki mtoto ateswe, ila msije mkambembeleza mpaka akasahau alichofanya.

MLETA MADA: Shikamoo mama. Yule wa bao aliomba mwenyewe apelekwe kwa aliyemwibia. Sikumtuma.

Masasi, kwenye uhaba umenibana. Basi angalau siku ya kwanza mtoto aambiwe wazi: haya nitaandika, haya hayatoki hapa. Na taarifa asomewe kabla haijaenda. Asije akayasikia maneno yake ya chini ya mwembe kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu.