Tupeane uzoefu: ukarabati wa jiko la nyumbani ulikuchukua muda gani mpaka ukaisha?

mama_tabata: Wakuu habari za jioni. Nataka kuvunja jiko lote, vigae, makabati, sinki, nyumba yenyewe ya zamani. Fundi kaniambia "wiki mbili tu dada nakukabidhi". Jirani yangu naye aliambiwa hivyohivyo, mpaka leo anaoshea vyombo uani. Waliopitia tuambieni, nini huwa kinachelewesha?

mzee_wa_kimara: Wiki mbili labda za kubomoa na kupiga plasta. Langu lilikula miezi miwili na ushee, na siku ambazo mtu alikuwa ndani anafanya kazi kweli hazifiki hata nusu, zilizobaki zote kusubiriana. Wa vigae anasubiri wa bomba na wa umeme wamalize kuchimba kuta, seremala hataki kupima mpaka sakafu iwe imekaa, halafu wa graniti ya juu ya kaunta naye hapimi mpaka makabati ya chini yafungwe kabisa, na yuko sahihi, ukuta wenyewe umepinda, ukimpa vipimo vya kwenye daftari akakata pungufu jiwe ndo limeenda na hela yako. Wakati huo sinki liwe mkononi maana tundu linakatwa kwa kulifuata. Sasa kila mmoja hapo ana saiti nyingine tatu, ukimkosa wiki hii umemkosa.

bi_kisauni: Mie niko Mombasa, graniti sikuweza, nikamwaga kaunta ya zege na nondo ndani, juu tiles. Ni nafuu lakini haitaki pupa, wiki nzima wamwagia maji asubuhi na jioni na mbao za chini haziguswi. Bwana alitaka zitolewe siku ya tatu eti ishakuwa ngumu, nikamwambia ikianguka wewe ndiwe utakayepika. Na Ramadhani ikatukuta humohumo, mafundi wamefunga, adhuhuri wanakwenda zao na huwezi kuwalaumu, futari nikawa napikia barazani kwa seredani, moshi wote kwa jirani 😂

seremala_keko: Mnatusema sana. Makabati ya jiko la kawaida mbao zikiwepo hayamalizi wiki mbili karakana. Shida mteja anataka mninga, katoa advansi ndogo, na mninga mkavu ni bei, anataka nimtafutie wa bei chee ambao bado mbichi. Nikimuundia huo baada ya muda milango inapinda haifungi, ananipigia simu usiku. MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao, inaenda haraka ila chini ya sinki ikipata maji inavimba kama andazi, pale weka aluminiamu. Halafu mnavyobadili mawazo! Mtu kaenda send-off kwa ndugu kaona jiko lina kisiwa, ile kaunta ya kusimama peke yake katikati, Jumatatu na yeye anataka kisiwa, jiko lenyewe friji likifunguliwa mtu hapiti.

mama_tabata: 😂😂 Kisiwa sitaki kaka. Kwa hiyo ninunue nini kabla hawajabomoa?

mzee_wa_kimara: Sinki, koki na vigae vyote viwe ndani kwanza, na vigae ongeza maboksi mawili matatu ya toleo hilohilo. Vyangu vilipungua kidogo, nikarudi Kariakoo jina lile lile rangi imepauka, na toleo la mwanzo hawana tena. Ile kona nyuma ya friji ndo ina vigae vya rangi tofauti.