Naomba ushauri: RTX 5080 au RX 7900 XTX kwa gemu za 4K?

Wakuu, habari zenu. Naunda kompyuta ya gemu na nimekwama kwenye kadi ya grafiki. Skrini yangu ni ya 4K, na nataka kadi nitakayokaa nayo miaka mingi.

RTX 5080 inanivutia kwa DLSS 4 (teknolojia ya Nvidia inayotumia akili mnemba kufanya gemu liende kwa kasi zaidi) na kwa jinsi inavyomudu kuchora mwanga na vivuli kama vilivyo, jambo ambalo kwangu ndilo linaloipa gemu uhai. Wasiwasi wangu ni memori. GB 16 kwa kadi ya daraja hilo naona ni kidogo, ilhali RX 7900 XTX, ya tangu 2022, ina GB 24. Memori ikijaa, gemu huanza kukwamakwama hata kama chipu ina nguvu, na hapo huna budi kupunguza ubora wa picha.

Kwa umeme hazipishani sana, wati 360 kwa 355, na pawa saplai yangu ni ya wati 850.

Mnaozitumia kwa 4K, je, GB 16 zinatosha mkiweka mipangilio yote juu kabisa? Na joto na kelele vikoje mkicheza kwa saa kadhaa mfululizo?