Naomba ushauri: ripoti inakwama nikichagua bandari zaidi ya moja

Hamjambo ndugu zangu. Niko Malindi, natengenezea ushirika wa wavuvi ripoti za samaki kwa SQL Server Reporting Services, programu ya Microsoft ya kutoa ripoti kutoka hifadhidata. Meneja anataka achague mwenyewe bandari: Mayungu, Watamu, Ngomeni, moja au zote kwa pamoja, alinganishe kilo za changu, tafi na nguru.

Nimeruhusu parameta ya bandari, yaani kisanduku anachochagulia, ipokee thamani nyingi. Swali la SQL la kuvuta data (query) likiandikwa ndani ya ripoti yenyewe, kwa IN (@Bandari), kila kitu ni sawa. Lakini hesabu zetu ziko kwenye prosija iliyohifadhiwa (stored procedure, msimbo unaokaa ndani ya hifadhidata), na huko bandari zote hufika kama neno moja refu lenye mikato, "Mayungu,Watamu". Hakuna bandari ya jina hilo, kwa hivyo ripoti hutoka tupu. Akichagua moja tu, data inakuja.

Naona njia mbili. STRING_SPLIT, ya kukata neno hilo kwenye mikato, ndani ya prosija, maana seva yetu ni SQL Server 2019. Au kuchuja kwenye ripoti baada ya data yote kuvutwa, jambo nisilolipenda: rekodi ni za miaka mingi na mtandao hapa ni mzito.

Linalonisumbua zaidi ni samaki walioandikwa bila bandari. Parameta ya namna hii haikubali NULL, yaani nafasi isiyo na thamani, basi hata akichagua zote, kilo hizo zinapotea, nazo ni jasho la watu. Je, niwape jina "Haijulikani" kwa ISNULL, inayoweka neno badala ya NULL, au mna njia bora? Aliyewahi kulitatua naomba anielekeze.