Mume na mke kudaiwa cheti cha ndoa visiwani: sawa au udhia?

Baharia wa Chumbageni
Wana Tanga, salamu. Juzi nimerudi fungate na mke wangu. Tulipanda meli hapa Tanga mpaka Pemba, tukakaa siku tatu, kisha boti ya bandari ya Mkoani kwenda Unguja. Nyumba ya kwanza ya wageni kule Pemba, wa mapokezi kanitazama mimi, kamtazama mwenzangu: "Cheti cha ndoa." Nikatoa picha za harusi kwenye simu. Hina ya bibie bado imekoza mpaka kwenye viwiko. Wapi! Tukapewa vyumba viwili, mimi juu yeye chini, na kulipa mara mbili. Wazungu waliotutangulia walionyesha pasipoti tu, wakapewa ufunguo mmoja. Nauliza: mwenye gesti ana mamlaka gani ya kukagua ndoa za watu?

Bi Mkubwa Barabara ya 12
Hebu rudi nyuma kidogo. Fungate gani hiyo ya kupanda meli? Fungate ni siku saba ndani. Maharusi hawatoki, anayeingia na kutoka ni somo, mama anayemfunda bibi harusi, chakula mnaletewa. Wewe siku ya nne uko Mkoani unagombania boti! Sema mlikwenda kutembea.

Baharia wa Chumbageni
Shikamoo shangazi. Mimi nimeuliza habari ya cheti.

Bi Mkubwa Barabara ya 12
Marahaba. Shangazi yako simjui, na cheti ni chako. Mimi nimejibu neno ulilolichezea.

Mdigo Mtoro
Bi Mkubwa kasema kweli, siku hizi watu wanafungatia Nungwi, ufukweni Unguja. Neno lenyewe limetoka kwenye kufunga. Mnafungiwa mlango. Na wahenga walishakuonya, Baharia: mwenda Pemba peremba, ukija na kilemba hurudi na winda, kinguo cha kiunoni. Wewe umerudi na bili ya vyumba viwili.

Msambaa wa Soni
Halikutoka kwenye kufunga. Kisambaa saba ni mfungate. Hesabu mwenyewe: mtandatu, mfungate, mnane. Fungate ni saba, siku saba, basi. Wazigua nao wanalo.

Mdigo Mtoro
Mnataka kila kitu cha pwani kiwe kimeshuka milimani pamoja na kabichi.

Msambaa wa Soni
Kabichi mnazila. Ndugu zenu Wagiriama saba wanaiita fungahe. Nao walifungiwa mlango?

Karafuu Tupu
Mie Mpemba, nilikuwa nasoma kimya, ila hiyo methali umeikata. Nusu ya kwanza ni hii: ukija na winda hurudi na kilemba. Kila siku bara mnaisema nusu inayotutukana. Na habari ya gesti: kwetu nyumba nyingi za wageni ni za familia, wewe umelala juu, chini wamelala watoto wa mwenyewe. Akipokea wawili asiowajua, sheha, mkuu wa mtaa, atamwuliza. Mzungu ni mpita njia. Wewe unaulizwa kwa sababu unahesabiwa mtu wa nyumbani.

Baharia wa Chumbageni
Mtu wa nyumbani gani analipishwa mara mbili?

Mwanaisha Bagamoyo
Anayetazamwa pale ni mwanamke, hilo hamlisemi. Mimi nimekwenda peke yangu kikazi. Nimejaza kitabu chote, jina, kabila, kazi, nitokako, niendako, bado naulizwa nimemfuata nani. Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu alipewa ufunguo na taulo. Cheti kina faida gani kama kinadaiwa kwa sababu ya uso wa mmoja tu?

Wakili wa Kibarazani
Mnapiga kelele bure. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 na watu wakawajua hivyo, wanachukuliwa wameoana. Cheti cha nini?

Karafuu Tupu
Hiyo ya bara, wakili. Visiwani haifiki, huku tuna mahakama ya kadhi. Na hawa wana siku tatu, si miaka 2.

Wakili wa Kibarazani
Najua. Nilikuwa natoa mfano.

Mdigo Mtoro
Mfano wa nini sasa?

Mke wa Baharia
Wifi kanionyesha huu mjadala. Cheti kilikuwepo. Nilimwambia akitie mkobani, kakiacha juu ya kabati kwa mama yake "kisije kikalowa". Chumba cha chini kilikuwa kizuri, feni mpya, nililala mpaka jua likatoka. Ila mbona hakuwaambia habari ya kisiwa cha Misali, pale Pemba? Wanasema Nabii Khidhri alitaka msala wa kuswalia, akaambiwa hakuna, akasema basi kisiwa hiki kilichoelekea kibla ndicho msala wangu. Nilikaa pale miguu majini, nikamsamehe.

Bi Mkubwa Barabara ya 12
Mwanangu, ulimsamehe siku ya ngapi? Maana kabla ya saba hairuhusiwi hata kununa.

Msambaa wa Soni
Mfungate.

Baharia wa Chumbageni
Sawa, nilisahau. Lakini wazungu hawakuulizwa! Hilo limejibiwa na nani?

Karafuu Tupu
Nimekujibu, hukupenda. Ungempigia simu babamkwe pale pale akazungumza na mwenye nyumba. Wangapi wamelala hivyo.

Mke wa Baharia
Baba angemwuliza cheti kiko wapi.

Mgeni wa Kange
Samahani, sijasoma huko juu. Meli ya Pemba inaondoka siku gani? Nataka kwenda na mchumba wangu.

Karafuu Tupu
Mchumba?

Bi Mkubwa Barabara ya 12
Mwacheni aende. Asiite fungate tu.