Kiingilio cha mashindano ya pool: hela inayokatwa inaenda wapi?

Mcheza Pool wa Kirumba: Wakuu, shikamooni. Mashindano ya pool ya juzi jirani na Mwaloni, hapa Mwanza, tulitoa elfu ishirini kila mtu. Zawadi ilipotangazwa ikawa kiduchu, eti "tumetoa gharama za meza". Kiasi gani? Kimya. Nasikia kwenye mashindano ya poka (karata za pesa) ya Marekani makato yanajulikana mapema. Kweli?

Mzee wa Igoma: Marahaba. Kweli kabisa. Mashindano makuu ya World Series of Poker, kule Las Vegas, kiingilio ni dola 10,000. Mwaka 2023 viingilio vilikuwa 10,043, na katika kila kimoja dola 9,300 zilienda kwenye zawadi. Dola 700 ndiyo makato. Mtu analipa akijua.

Dada Pansiansi: Msiwasifie sana. Waliotoka na chochote ni 1,507 tu. Waliobaki wamelipa nauli na hoteli, wamekaa kitini kutwa (ngazi moja ya dau, yaani muda kabla dau la lazima halijapandishwa, ni saa mbili, mgongo una kazi!), wakarudi mikono mitupu.

Mcheza Pool wa Kirumba: Sawa dada, lakini huku kwetu mwandaaji naye alicheza. Akachukua ya kwanza.

Mzee wa Igoma: Haaa! Hilo ungeanza nalo.