Kuna programu ya akili unde inayoweza kuchuja nyimbo kabla mtoto hajazisikia?

MamaK_Umoja: Wadau, hamjambo. Kijana wangu ana miaka tisa na ana usonji. Muziki anaupenda ajabu, lakini honi za ma-DJ, ving'ora na filimbi za ghafla zinamvuruga. Anaziba masikio, analia, na hapo siku imeharibika. Siwezi kukesha nikisikiliza kila wimbo hadi mwisho. Niliuliza akili unde moja ya kuchati, nikaipa jina la wimbo, ikanihakikishia eti "hauna sauti za kushtua". Kuucheza tu, honi ya lori! Nitumie nini?

FundiWaya: Dada, hiyo haikusikia chochote. Ukiipa jina tu inabahatisha kutokana na yaliyoandikwa kuhusu msanii. Tafuta inayosikiliza faili lenyewe. Google walitoa YAMNet, ya bure, inayotambua aina 521 za sauti, king'ora, filimbi na honi zikiwemo. Huupitia wimbo kwa vipande visivyofika sekunde moja na kukipa kila kipande alama. Mtu anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, atakuunganishia ikuandikie "2:14, king'ora". Ila kinanda cha umeme kikipanda juu sana itakiita king'ora, na filimbi iliyofunikwa na ngoma inaweza kuipita. Mwambie ashushe kiwango cha kutahadharisha. Heri ikusumbue bure.

SpikaZaKanisa: Mimi nisiyejua Python natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, bure pia. Fungua wimbo, geuza uone spektrogramu, yaani picha ya sauti. King'ora utakiona kama nyoka anayepanda na kushuka, makofi ni mistari iliyosimama wima. Angalia sana kati ya hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 2,000 na 5,000, maana hapo ndipo sikio la binadamu lina ukali zaidi. Na usidanganyike na kile kitufe cha kusawazisha sauti kwenye Spotify. Kinalinganisha wimbo na wimbo, si mruko wa katikati ya wimbo.

Kamau_254: Na makanga wa Umoja nao mtawachuja na nini? 😂

MamaK_Umoja: @Kamau_254 huyo nimemwachia Mungu.

NesiMstaafu: Mama, masikio yamewahi kupimwa? Kama bado, anzia kliniki ya masikio, kisha kituo cha EARC kilicho karibu nawe, wao hutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Vifaa vya kuziba masikio avae penye kelele tu. Akishinda navyo kutwa, hata sauti za kawaida zinaweza kuanza kumuudhi.

MamaK_Umoja: Asante sana mama, EARC nitaenda. FundiWaya, na zile mix za saa nzima? Ndizo anazozipenda.

FundiWaya: Hizo ndizo mbaya zaidi. Honi na king'ora mara nyingi DJ ndiye huzipachika juu, wimbo wenyewe hauna. Andika majina ya nyimbo zilizo kwenye mix, tafuta kila moja jinsi msanii alivyoitoa, kisha upitishe hizo. Nitumie inbox, nitakupa nilichoandikia mpwa wangu.